Ba kabla ya midomo: kisa cha sauti na picha zilizoachana madrasani

"Mwanangu, televisheni hii yasema kabla ya kufungua mdomo."

Hivyo ndivyo Mwalimu alivyonipokea, nami bado sijavua viatu mlangoni. Ana madrasa ya watoto na kina mama katika chumba cha juu cha nyumba ya zamani Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa. Mimi ni fundi wa kompyuta, na aliyeniita ni mpwa wake. Tatizo la sauti na picha kupishana nimeelezwa na wateja wengi, na wengi huishia kusema "haziendi pamoja" tu. Mwalimu alikuwa amekwisha kuniambia la maana zaidi, yaani upande uliotangulia. Sauti ilikuwa mbele, picha nyuma. Neno hilo moja lilinipunguzia nusu ya kazi.

Kabla ya vifaa, nieleze kwa nini jambo hili lilimkera kiasi kile, kwa kuwa mtu anaweza kudhani ni kero ya kawaida ya mtazamaji wa tamthilia. Mwalimu hufundisha matamshi ya herufi. Video anazotumia zinamwonyesha msomaji aliyepigwa picha kwa karibu, uso umejaa kioo kizima, akitamka herufi moja moja. Waliosoma tajwidi, elimu ya kuisoma Qurani kwa matamshi sahihi, wanajua kwamba ba, mim na waw hutoka midomoni, na fa hutoka baina ya meno ya juu na mdomo wa chini. Mtoto wa miaka sita haelezwi hayo kwa maneno, huonyeshwa. Anatazama midomo ikikutana, anasikia ba, naye anafunga yake. Sasa kwenye televisheni ile, msomaji alipotaja ba, mim, waw kwa mfululizo, sauti ya mim ilitoka huku midomo kiooni ingali inafungia ba. Watoto wakafanya walichoweza: wakaacha kutazama. "Wainamisha vichwa, wasikiza tu," Mwalimu akasema. "Nami nataka waangalie."

Ana haki ya kutaka hivyo, kwa kuwa jicho lina nguvu juu ya sikio kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1976 watafiti wawili wa saikolojia nchini Uingereza, Harry McGurk na John MacDonald, walichapisha jaribio ambalo watu walionyeshwa uso unaotamka ga huku sauti iliyopachikwa juu yake ikisema ba. Watu wazima wengi walieleza kwamba wamesikia da, herufi ambayo haikutamkwa na yeyote. Nilimsimulia Mwalimu jambo hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwalimu wake mwenyewe, alipokuwa mdogo, alikuwa akimshika kidevu na kumgeuza amtazame mdomoni.

Vifaa vyenyewe vilikuwa hivi. Laptopu yenye Windows 11 juu ya meza ya pembeni. Kwenye tundu la USB kuna adapta inayotoa HDMI, njia ya kebo moja inayoweza kubeba picha na sauti, na kutoka hapo kebo ya mita tatu hadi televisheni ya inchi 43 ukutani. Sauti ilikuwa na njia yake: waya kutoka tundu la visikilizi la laptopu hadi amplifaya ndogo, na amplifaya hadi spika mbili zilizowekwa pembeni mwa televisheni. Kwa maneno mengine, picha ilipanda chombo kimoja na sauti chombo kingine, na hakuna aliyeambiwa amngoje mwenzake.

Sauti inayopita kwenye waya wa namna hiyo hufika kwenye spika karibu papo hapo. Picha haina bahati hiyo. Adapta nyingi za USB za aina ile haziipitishi picha jinsi ilivyo. Huifanya laptopu iibane kwanza, iisafirishe, kisha adapta iifungue upande wa pili. Halafu televisheni nayo inapoipokea haiionyeshi mara moja. Huikuza ijae kioo, huondoa chembechembe, hurekebisha rangi, na kama ile hali ya kulainisha mwendo imewashwa, hutengeneza fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video, za katikati ambazo kamera haikuzipiga. Ili itengeneze fremu ya katikati lazima iwe tayari imeshika ile inayofuata, kwa hiyo haina budi kusubiri. Televisheni yenyewe hulijua hili, ndiyo maana sauti inayotoka kwenye spika zake yenyewe nayo huichelewesha kwa kiasi hicho hicho. Ila sauti ya madrasa haikupita kwenye televisheni kabisa.

Ndiyo maana nilisema neno la Mwalimu lilinipunguzia kazi. Sauti ikiwa nyuma, mtuhumiwa wa kwanza ni Bluetooth, ambayo kwa mfumo wake wa kawaida wa kubana sauti huchelewesha kwa takriban milisekunde 150 hadi 250. Sauti ikiwa mbele, acha spika, fuata njia ya picha. Niliwahi kuona mafundi wawili wakibadilisha spika tatu mfululizo kwa tatizo lililokuwa kwenye menyu ya televisheni, na mwenye ukumbi akalipia zote.

Tena sauti kutangulia inaudhi zaidi kuliko kuchelewa. Mtu wa pwani analijua hili hata bila kufikiria. Simama ng'ambo ya mkono wa bahari umtazame fundi wa jahazi akigonga msumari: nyundo inatua, kisha mlio unakujia. Katika hewa ya joto kama yetu sauti huenda mita 345 hivi kwa sekunde, kwa hiyo fundi aliye mita 100 mbali mlio wake hukufikia baada ya karibu milisekunde 290. Tumezaliwa tumeizoea sauti inayochelewa. Mlio unaofika kabla ya nyundo haujawahi kutokea mbele ya macho ya mwanadamu mpaka alipotengeneza mitambo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake BT.1359 la mwaka 1998, umeweka tofauti hiyo kwa tarakimu: mtazamaji huanza kugundua sauti iliyotangulia kwa milisekunde 45, lakini iliyochelewa haigundui mpaka ifike 125. Mpaka wa kuvumilika ni 90 kwa kutangulia na 185 kwa kuchelewa. Tarakimu hizo nilikuwa nazo kichwani nilipoanza kupima, kwa sababu bila mpaka fundi hajui aache lini.

Kupima nilipima kwa simu. Nina video ya majaribio: kioo cheusi, kila baada ya sekunde mbili kinamulika cheupe, na papo hapo kuna mlio mfupi. Naicheza kwenye televisheni, nasimama karibu na spika, narekodi kwa simu kwa fremu 60 kwa sekunde. Kisha naifungua rekodi hiyo kwenye programu ya kuhariri, naangalia mlio umeanza fremu ipi na mwanga fremu ipi. Kila fremu ni milisekunde 16.7, na hesabu inafanyika kwa vidole. Kwanza kabisa huirekodi mikono yangu mwenyewe ikipiga kofi, nihakikishe simu haina upishano wake. Simu hii haikuwa nao.

Mlio ulitangulia mwanga kwa fremu 8, yaani milisekunde 133 hivi. Nikapima tena kwa njia nyingine: nikakionyesha kioo cha laptopu vilevile kwenye televisheni, kwa vitufe vya Windows na P pamoja, nikafungua saa ya kuhesabu sekunde na vipande vyake, nikapiga picha vioo vyote viwili kwa mpigo mmoja. Picha kumi. Televisheni ilikuwa nyuma ya laptopu kwa milisekunde kati ya 120 na 140 kila mara. Njia mbili tofauti za kupima zilitoa jibu moja, na hapo nikawa na hakika kwamba picha ndiyo inayochelewa, na inachelewa baada ya kutoka kwenye laptopu.

Nikaituhumu adapta. Nakiri niliituhumu kwa sababu siipendi, si kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Laptopu ile ina tundu lake la HDMI ubavuni, na nilipouliza kwa nini halitumiki nikaambiwa limekufa. Nikaliangalia kwa tochi. Halikufa. Lilikuwa na ukungu wa kijani kwenye meno yake, kutu ya hewa ya chumvi, ambayo sisi wa kisiwani tunaikuta kila mahali, kuanzia mabawaba ya madirisha hadi betri za rimoti. Dirisha la chumba kile linaelekea baharini, na laptopu hukaa chini yake usiku na mchana. Nilizima mashine, nikachomoa chaja, nikasafisha meno kwa brashi laini na spiriti ile isiyo na maji ya kusafishia vifaa vya umeme, nikaiacha ikauke wakati watoto wakiswali Alasiri. Nilipochomeka kebo moja kwa moja, picha ikatoka safi bila kutetemeka.

Nikapima. Fremu 6. Adapta niliyoilaumu sana ilikuwa na hatia ya fremu 2 tu kati ya 8.

Zilizobaki zilikuwa za televisheni. Kwenye menyu ya picha ilikuwa imewekwa ile hali ya kung'arisha ambayo wauzaji huipenda dukani, kulainisha mwendo kumewashwa, kuondoa chembechembe kumewashwa. Niliibadilisha ikawa kwenye hali ya mchezo, ile ambayo menyu yake huandikwa Game. Jina lake huwapotosha watu; wanadhani ni ya wenye michezo ya kompyuta peke yao. Kazi yake ni kuiambia televisheni iache mapambo na kuonyesha kilichokuja jinsi kilivyokuja. Fremu 6 zikawa 2, yaani milisekunde 33, chini ya ule mpaka wa 45. Rangi zilipoa kidogo. Nikazirudisha kwa mkono mpaka uso wa msomaji ukaonekana kama uso wa mtu.

Nikamwambia Mwalimu tayari, acheze somo lake.

Akacheza. Mim ikatoka juu ya midomo ya ba.

Hapa ndipo penye kosa langu kubwa katika kisa hiki, na ningependa fundi mwenzangu alione vizuri. Video yangu ya majaribio naichezea kwenye kivinjari. Mwalimu huchezea masomo yake kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kwa sababu mafaili yapo kwenye laptopu na intaneti ya nyumba ile haiaminiki. Nilikuwa nimepima njia ambayo mteja wangu haipiti. Nilichorekebisha kilikuwa kibovu kweli, lakini si chote kilichokuwa kibovu, na kama Mwalimu angekuwa mtu wa kusema "ahsante" kwa heshima tu na kunisindikiza mlangoni, ningeondoka na pesa yake bila kumponya.

Nikaifungua video ile ile ya majaribio ndani ya VLC. Fremu 17 kwenye televisheni. Kisha nikafanya ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo: nikairekodi kwenye kioo cha laptopu yenyewe, bila kujali televisheni. Fremu 15. Laptopu peke yake, kioo chake na spika zake, mlio unatangulia mwanga kwa robo sekunde. Hapakuwa tena na sababu ya kuangalia kebo wala televisheni.

Fremu 15 mara 16.7 ni 250. Tarakimu hiyo ilinisimamisha. Ucheleweshaji unaotokana na mitambo huja na vipande, 133, 87, 41. Hauji mviringo hivyo. Milisekunde 250 kamili zina alama ya mkono wa mtu. Na kwenye VLC, vitufe vya J na K husogeza sauti kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza, J ikiirudisha mapema na K ikiichelewesha. Mibonyezo mitano ya J ni 250.

Nikamwita mpwa wake Mwalimu, kijana wa chuo, mpole. Nikamuuliza kama madrasa iliwahi kutumia spika ya Bluetooth. Akashangaa nimejuaje. Ndiyo, mwaka uliopita walikuwa na spika moja ya duara ya Bluetooth, na sauti ilikuwa ikichelewa nyuma ya midomo. Alibonyeza J mpaka zikaoana, akahesabu mara tano. Ila kwa VLC marekebisho ya vitufe hivyo hayakai, ukifungua faili jingine yanarudi sifuri, na shangazi yake hakutaka kubonyeza kila somo. Kwa hiyo akaingia kwenye mapendeleo, akafungua orodha kamili, upande wa sauti, akaandika minus 250 kwenye fidia ya kupishana kwa sauti. Somo likaenda vizuri miezi kadhaa. Kisha betri ya spika ikafa, wakanunua amplifaya na waya, na sauti ikaacha kuchelewa. Fidia ikabaki pale pale, ikiendelea kuisukuma mbele sauti ambayo haikuwa na deni tena.

Sikumlaumu, wala sitaki msomaji amlaumu. Alipima, akapata tarakimu sahihi, akaiweka mahali pa kudumu ili mtu mzima asisumbuke. Mafundi wengi wa kulipwa hawafiki hapo. Kilichokosekana ni kwamba hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba tarakimu ile ni ya spika ile. Nikairudisha sifuri mbele yake, nikafunga programu na kuifungua upya, tukapima: fremu 2 kwenye televisheni, sifuri kwenye laptopu.

Ningeweza kuishia hapo. Milisekunde 33 hazionekani, na waliokaa nyuma kabisa, mita tano kutoka kwenye spika, hupata nyingine 14 au 15 za bure kwa sababu sauti inawafikia ikiwa imetembea. Lakini nilikuwa nimekaa na jambo hili mchana kutwa na sikuipenda hali ya vyombo viwili. Televisheni nyingi hukumbuka mipangilio ya picha kwa kila tundu kivyake. Siku mtu akipangusa vumbi na kurudisha kebo kwenye HDMI 2 badala ya HDMI 1, hali ya mchezo haipo, na fremu zake zimerudi. Wala dawa ya kuweka fidia ndani ya VLC sikuitaka, kwa kuwa tulikwisha kuona inavyoishia, na tena huponya VLC peke yake. Kivinjari hakina habari nayo.

Kwa hiyo nikaipandisha sauti chombo kimoja na picha. Kwenye Windows nikachagua televisheni iwe ndiyo sehemu ya kutolea sauti, ili sauti ipite ndani ya kebo ya HDMI. Kisha ule waya wa amplifaya nikauchomoa kwenye laptopu, nikauchomeka kwenye tundu la visikilizi la televisheni. Sasa televisheni ikiichelewesha picha, inaichelewesha na sauti, kwa kuwa zote mbili zimo mikononi mwake. Nikapima kwa VLC na kwa kivinjari, kwa hali ya mchezo na bila hiyo. Haikuzidi fremu 1 popote.

Likazuka jingine, dogo ila la kuchosha: spika zikaanza kunguruma, ule mngurumo mnene wa umeme wa 50 Hz. Chaja ya laptopu ilikuwa kwenye soketi ya dirishani na amplifaya kwenye soketi ya mlangoni, na kwa kuwa sasa vimeunganishwa kupitia kebo na televisheni, waya wa ardhi ulipata duara la kuzungukia. Nilivihamishia vyote kwenye ekstensheni moja, mngurumo ukanyamaza.

Mwalimu akaweka somo. Hakunitazama mimi wala televisheni, alitazama watoto. Msomaji akafunga midomo, ba ikasikika midomo ikiachana, na watoto wa mbele kwenye mkeka wakafunga yao. Akalirudia mara tatu bila kusema neno, kisha akanitengea kahawa.

Baada ya wiki mbili akapiga simu. "Imerudi, mwanangu. Lakini hii mara sauti ndiyo yachelewa."

Nilijiuliza kama kuna aliyerudisha spika ya Bluetooth. Nilipofika nikakuta kila kitu kipo kama nilivyokiacha, na masomo ya zamani yanakwenda sawa. Lililoharibika ni faili moja jipya, somo la dakika 20 kutoka kwa msomaji wa Lamu. Nikalicheza mwanzo: sawa. Nikaruka hadi dakika ya kumi: sauti iko nyuma kwa karibu sekunde 0.6. Mwishoni kabisa: sekunde 1.2.

Huu ni ugonjwa mwingine, na ni vibaya kuuita kwa jina la ule wa kwanza. Upishano usiobadilika hutoka kwenye njia, yaani kebo, televisheni, spika, fidia. Upishano unaokua kadiri video inavyosonga umo ndani ya faili lenyewe, na hakuna kitufe cha J wala K kitakachouponya, kwa maana ukiurekebisha dakika ya tano utakuwa umeuharibu mwanzo na mwisho. Cha kufanya ni kuupima mahali pawili na kugawanya. Sekunde 1.2 ndani ya sekunde 1,200 ni moja katika elfu. Sekunde 0.6 ndani ya 600, vilevile moja katika elfu.

Yeyote aliyewahi kuhariri video anaifahamu hiyo moja katika elfu. Mwaka 1953 Marekani ilipopitisha mfumo wake wa televisheni ya rangi, kasi ya fremu 30 kwa sekunde ilipunguzwa kwa kiasi hicho ili ishara ya rangi isigombane na ya sauti, ikawa 29.97. Televisheni zile zimekwisha, tarakimu imebaki, na kamera na programu nyingi bado huitumia. Tukampigia msomaji. Picha ilirekodiwa kwa kamera ya kuazima, sauti kwa kinasa sauti tofauti kilichowekwa karibu na mdomo wake, na kijana wake akaviunganisha kwenye kompyuta. Kamera ilipiga 29.97, kijana akaiambia programu iisome kama 30. Picha ikakimbia kidogo tu kuliko ilivyopigwa, sauti ikabaki kwenye mwendo wake, na kila dakika ikaachwa nyuma kwa milisekunde 60.

Nilikuwa na njia fupi mkononi. Ningeitoa sauti, niifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, niiongeze mwendo kwa asilimia 0.1 bila kugusa kimo cha sauti, niirudishe. Kazi ya robo saa. Mwalimu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: je, na madi itafupika? Kwa wasiosoma tajwidi, madi ni uvutaji wa sauti, nao una vipimo vyake, harakati mbili, nne, hadi sita, na kuvipunguza au kuvizidisha ni kosa la usomaji. Nikamhesabia. Madi ndefu iliyochukua sekunde tatu itapungua kwa milisekunde tatu. Hakuna sikio la mwanadamu litakalolijua hilo.

"Najua halitalijua," akasema. "Lakini iliyokimbia ni picha. Mbona sauti ndiyo isongezwe?"

Nilifikiri, nikaona amesema kweli hata kwa upande wa ufundi. Sauti ilikuwa na mwendo wake halisi, ule ule aliousoma msomaji siku ile. Kilichopotoshwa ni picha, na njia niliyoipendekeza ingeifanya sauti nzima ifuate kilichopotoshwa, kwa kuwa tu ilikuwa rahisi kwangu. Tukampigia kijana wa Lamu tena. Nilimweleza mahali pa kubadilisha: aiambie programu kwamba picha ile ni ya 29.97, mradi wake nao uwe 29.97, asiiguse sauti kabisa, kisha atoe faili upya. Intaneti ya huko siku ile haikuwa na nguvu ya kupandisha faili kubwa kiasi kile, kwa hiyo alilitia kwenye fleshi na kumkabidhi mtu aliyekuwa akija Mombasa kwa basi.

Ijumaa asubuhi tukalicheza kuanzia dakika ya 19. Somo la mwisho lilikuwa la mim yenye shada, yaani iliyokazwa, ambayo midomo hufungwa na kushikiliwa kabla ya kuachiwa. Midomo ilifungwa, ghuna, ile sauti ya puani, ikasikika midomo ikiwa imefungwa bado, ikaachiwa kwa pamoja. Mwalimu akaniomba kipande cha karatasi na kalamu. Akaandika kwa mkono wake, HDMI 1, sauti ya televisheni, VLC sifuri, akakibandika nyuma ya laptopu kwa gundi ya karatasi.